Gia ya Kupandia na Gia ya Kushukia

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012, ni nchi ya vilima na mabonde. Vilima vyake vimelala kutoka kusini kwenda kaskazini, na vingi hupita kimo cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mto Kagera umezizunguka wilaya hizi upande wa magharibi na upande wa kaskazini, kisha ukaelekea Kyaka na ziwani. Basi ukitoka Kayanga na mzigo kwa njia ya Kyaka, au ukitoka Nkwenda kwa njia ya Murongo, utapanda na kushuka mara nyingi, lakini mwisho wa yote utateremka mpaka mtoni.

Mwaka 1861, Waingereza Speke na Grant walipofika Karagwe kwa mfalme Rumanyika, mizigo yote ilichukuliwa na wapagazi. Mpagazi mmoja alichukua frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Siku hizi lori moja lenye mzigo wa tani 10 huchukua mizigo ya wapagazi zaidi ya 300. Kahawa, ndizi na maharage yetu hutoka kwa malori. Saruji, mabati na chumvi huingia kwa malori. Lakini kuna tofauti moja. Mpagazi akizidiwa huweza kutua mzigo wake kando ya njia na kupumzika, bali lori lililoshindwa na mteremko halina pa kutua.

Wengi wetu tumepanda malori au tumekutana nayo njiani, nasi husikia injini ikibadili sauti kila penye kilima bila kujua sababu. Katika makala haya nitaeleza kazi ya klachi na gia, jinsi dereva anavyozitumia, na kwa nini gia anayoichagua juu ya kilima yaweza kuwa jambo la uhai na mauti huko chini.

KWA NINI LORI LINA GIA

Injini ya dizeli ina nguvu nyingi, lakini ina tabia mbili ambazo dereva hana budi kuzivumilia. Kwanza, haiwezi kuvuta ikizunguka polepole mno. Ikilazimishwa hutetemeka na kuzimika. Pili, haiwezi kuzunguka upesi mno. Injini nyingi za malori haziruhusiwi kupita mizunguko 2,500 kwa dakika. Magurudumu nayo yanatakiwa yaweze kusimama kabisa, kwenda polepole mlimani, na kwenda mbio penye tambarare. Injini peke yake haiwezi kuyatimiza hayo yote. Kwa hiyo kati ya injini na magurudumu pamewekwa vyombo viwili, yaani klachi na giaboksi.

Tulipofundishwa mashine rahisi darasani tuliambiwa kwamba faida ya nguvu hulipwa kwa mwendo. Gia ni mfano mzuri wa kanuni hiyo. Chukua gurudumu dogo lenye meno 20 linalozungusha gurudumu kubwa lenye meno 60. Lile dogo likizunguka mara tatu, kubwa huzunguka mara moja tu. Lakini nguvu ya kuzungusha imekuwa mara tatu, ukiacha kidogo kinachopotea kwa msuguano. Tuseme hiyo ndiyo gia ya tatu ya lori letu la mfano. Gia ya nne tuseme ni mizunguko miwili kwa mmoja. Nyuma, kwenye difu, mwendo hupunguzwa tena mara nne. Basi katika gia ya tatu nguvu ya injini hufika magurudumuni ikiwa imezidishwa mara 12, na katika gia ya nne mara 8. Ndiyo maana gia ndogo hupanda kilima lakini haina mbio, na gia kubwa ina mbio lakini haipandi.

Malori makubwa, hasa yale ya kuvuta trela, huwa na gia nyingi kuliko gari dogo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu gari na mzigo wake kufika tani 56, na uzito huo hauwezi kuondoka wala kupanda kwa gia tano. Mafundi hawakutengeneza mkono wa gia wenye njia 16. Walitengeneza giaboksi ya gia nne, wakaiongezea sehemu ya pili inayobadilishwa kwa kibonyezo kilichopo juu ya mkono huo huo. Nne za chini na nne za juu zikawa nane. Katika malori mengine kila moja ya hizo nane hugawanywa mara mbili kwa kibonyezo kingine, zikawa 16.

KLACHI

Klachi ni kiungo kinachoweza kufungwa na kufunguliwa injini ikiwa inazunguka. Mwishoni mwa injini pana gurudumu zito la chuma, ambalo mafundi huliita flaiwili. Mbele yake pana pleti nyembamba iliyopakwa kitu kikavu chenye msuguano mkubwa, nayo imeshikana na shafti ya giaboksi. Springi kali huikandamiza pleti hiyo kwenye flaiwili, na vyote viwili huzunguka kama kitu kimoja. Dereva akikanyaga pedeli, springi zinaachia, pleti inabaki huru, na injini haina habari tena na magurudumu.

Yafaa neno hilo la mwisho likumbukwe, kwa kuwa tutalirudia katika habari za mteremko. Klachi ikikanyagwa, injini haiwezi kulisukuma lori, wala haiwezi kulizuia.

Klachi ina mahali pake pa hatari, napo ni katikati, pale ambapo pleti imegusa lakini haijashika. Hapo husugua, na msuguano huzaa joto. Kuondoa lori hapana budi kupitia hapo kwa sekunde chache. Lakini wako madereva wanaolishikilia lori mlimani kwa klachi nusu badala ya breki ya mkono, na wengine huweka mguu juu ya pedeli safari nzima kana kwamba ni kibao cha kupumzikia. Matokeo ni ile harufu ya kuungua tunayoisikia mara nyingine penye kilima. Pleti ikiisha kuungua huteleza, injini hulia sana, na lori haliendi.

KUBADILISHA GIA

Kazi kubwa ya dereva katika kubadilisha gia ni kulinganisha mwendo, mkono ni chombo tu. Tuseme lori letu la mfano linakwenda kilometa 30 hivi kwa saa, na shafti inayotoka giaboksi huzunguka mara 600 kwa dakika. Katika gia ya nne injini itazunguka mara 1,200. Katika gia ya tatu itazunguka mara 1,800. Basi dereva anayetoka gia ya tatu kwenda ya nne hana budi kuiteremsha injini kutoka 1,800 mpaka 1,200, na anayerudi kutoka ya nne kwenda ya tatu hana budi kuipandisha kutoka 1,200 mpaka 1,800. Akiingiza gia kabla mwendo haujalingana, meno hugongana na kupiga kelele ya kusaga.

Katika malori ya zamani dereva aliifanya kazi hii yote mwenyewe, kwa kukanyaga klachi mara mbili. Akipandisha gia hukanyaga klachi, huleta mkono katikati mahali pasipo na gia, huachia klachi na kungoja kidogo injini ipungue, hukanyaga tena, ndipo huingiza gia kubwa. Akirudisha gia hufanya vivyo hivyo, ila badala ya kungoja, akiwa katikati na klachi ameiachia, hukanyaga mafuta kidogo ili injini ipande, kisha hukanyaga klachi mara ya pili na kuingiza gia ndogo. Msikilizaji aliye nje husikia injini ikivuma mara moja fupi kabla ya kuanza kuvuta. Huko si kujionyesha kwa dereva. Ndivyo mwendo unavyolinganishwa.

Mwaka 1928, kampuni ya magari ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye sinkromeshi, yaani pete za chuma laini zinazosuguana kwanza na gia na kuilinganisha mwendo kabla ya meno kukutana. Leo malori mengi yana pete hizo, na kwa hayo klachi hukanyagwa mara moja tu. Lakini pete hizo huisha, hasa kwa dereva anayelazimisha mkono, na hapo dereva anayejua njia ya zamani hufika salama. Malori mengi makubwa ya Marekani yalibaki bila pete hizo kwa miaka mingi, na wako madereva wa huko wanaobadilisha gia bila kukanyaga klachi kabisa, kwa kusikiliza injini tu. Kuna pia malori mapya ambayo mashine yenyewe hubadilisha gia, kama Volvo ilivyofanya tangu mwaka 2001 kwa giaboksi yake iitwayo I-Shift. Hata hivyo dereva wa lori la namna hiyo bado ndiye mwenye macho ya kuuona mteremko ulio mbele.

KUPANDA

Katika mlima unaoinuka mita moja kwa kila mita kumi, lori lililo nje ya gia hupungukiwa mwendo karibu kilometa 4 kwa saa katika kila sekunde. Dereva aliyekuwa na mwendo wa kilometa 30, akikawia sekunde tatu tu katika kubadilisha gia, atajikuta na kilometa 18. Gia aliyoikusudia haifai tena, na lazima atafute iliyo ndogo zaidi huku lori likizidi kupoa. Akikosa mara mbili, lori husimama, na huenda likarudi nyuma.

Kwa sababu hiyo dereva hodari harudishi gia injini inapoanza kulemewa. Huirudisha mapema, lori lingali na nguvu, na mara nyingine kabla ya kuanza kupanda. Penye udongo, wakati wa mvua za Machi mpaka Mei, jambo hili ni la lazima zaidi, kwa kuwa magurudumu yaliyosimama katika tope hayaondoki kwa urahisi.

Likisimama mlimani, breki ya mkono ndiyo ya kulishika, na utingo huteremka na kabari kuiweka nyuma ya gurudumu. Katika kuondoka, dereva huingiza gia ya kwanza, huachia klachi polepole mpaka injini ianze kunguruma kwa uzito, ndipo huachia breki ya mkono. Akiachia breki kwanza, lori hurudi nyuma, na kabari hugeuka kuwa ndiyo tegemeo la pekee.

KUSHUKA

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Katika kupanda, kosa huleta aibu na gharama. Katika kushuka, huleta mauti.

Tuseme lori na mzigo wake ni tani 16, nalo lateremka kilima chenye kimo cha mita 200 kwa mwendo ule ule kutoka juu mpaka chini. Nguvu ambayo uzito huo unaitoa katika kuteremka haina budi kwenda mahali fulani. Ukipiga hesabu kwa kanuni tulizofundishwa, yatosha kuchemsha maji ya lita 90, yaani zaidi ya debe nne na nusu za maji baridi mpaka yatokote. Dereva akitumia breki peke yake, moto huo wote huingia katika breki. Chuma hupanuka, vitambaa vya breki huteleza, na pedeli inayokanyagwa haileti kitu. Pia katika malori ya breki za upepo, kila mkanyago hutumia upepo wa mtungi, na anayekanyaga na kuachia mara nyingi huweza kuumaliza upesi kuliko injini inavyoujaza.

Akiwa katika gia ndogo mambo ni mengine. Sasa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini isiyopewa mafuta hugoma kuzungushwa. Kugoma huko ndiko breki isiyochoka. Malori mengi yana pia breki ya moshi, ambayo huziba njia ya moshi ili injini igome zaidi. Breki za magurudumu hubaki baridi, zikingoja siku ya dharura.

Madereva wana msemo wa zamani kwamba gia uliyopandia ndiyo gia ya kushukia. Msemo huo ni mzuri, lakini kwetu Karagwe na Kyerwa unahitaji maelezo mawili.

La kwanza, lori linalofuata ndizi au kahawa mara nyingi hupanda huku likiwa tupu, au na mzigo mwepesi. Kilima alichokipanda dereva juzi kwa gia ya tano bila taabu, leo atakishuka na tani kumi mgongoni. Akifuata kumbukumbu ya gia ya juzi, amefuata gia ya lori lingine. La pili, injini za malori ya siku hizi zina nguvu kuliko za zamani, na huvuta mlima kwa gia ambayo ni kubwa mno kwa kushuka. Kwa hiyo msemo ungekuwa na faida zaidi kama ungesemwa hivi: shuka kwa gia ambayo ungepandia kilima hicho ukiwa na mzigo ulio nao sasa, na kama injini yako ni ya nguvu, punguza moja zaidi.

Na gia hiyo huchaguliwa juu, kabla ya mteremko kuanza. Wakati wa kuichagua ukiisha pita haurudi, nami nitaonyesha kwa hesabu.

DIZELI INAYODHANIWA KUOKOLEWA

Wako madereva ambao wakifika kileleni huweka mkono wa gia katikati, mahali wanapopaita nyutro, na kuliachia lori lishuke lenyewe. Husema wanaokoa dizeli. Twende nao katika lori letu la mfano. Linaanza kushuka kwa kilometa 30 kwa saa katika mteremko ule ule wa mita moja kwa kumi. Kila sekunde mwendo huongezeka kilometa 3 hivi. Baada ya sekunde kumi ni 60. Dereva anashtuka, breki zimekwisha pata moto, naye anataka kurudi katika gia ya tatu. Lakini kwa kilometa 60, shafti huzunguka mara 1,200, na gia ya tatu yataka injini izunguke mara 3,600. Injini haiwezi kufika huko. Meno husaga, mkono hukataa, na hata gia ya nne yataka mizunguko 2,400, ambayo ni ukingoni kabisa mwa uwezo wake. Sekunde kumi zilizopita gia ile ile ingeingia kwa kidole.

Na hiyo dizeli je? Injini iliyo katika nyutro haina budi kujizungusha yenyewe, kwa hiyo hunywa mafuta kidogo muda wote. Bali injini iliyo katika gia, dereva akiwa ameondoa mguu kwenye mafuta, huzungushwa na magurudumu, na pampu huacha kuipa dizeli kabisa. Katika mteremko mkali, anayeshuka kwa gia ndiye anayeokoa, na yule wa nyutro hununua hatari kwa fedha yake mwenyewe. Yule anayezima injini kabisa ndiye aliye mbaya kuliko wote, kwa kuwa upepo wa breki haujazwi tena na usukani huwa mzito.

Anayekanyaga klachi katikati ya mteremko na kuishikilia ni ndugu yake yule wa nyutro, hata kama gia imo. Nilisema hapo mwanzo kwamba klachi iliyokanyagwa hutenga injini na magurudumu. Breki ya moshi nayo huwa haina kazi wakati huo.

FAIDA YA KUYAJUA HAYA

Pengine mtu atasema kwamba haya ni mambo ya madereva, nasi wanafunzi yatufaa nini. Kwanza, baadhi yetu tutakuwa madereva na mafundi, na kazi hiyo ina elimu yake. Vyuo vya VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji huifundisha. Anayeingia huko akiwa amekwisha kuelewa uwiano wa mwendo, msuguano na joto hatakariri, ataelewa.

Pili, wazazi wetu wengi ni wenye mazao. Mwenye mzigo anayemhimiza dereva awahi soko, au anayeongeza magunia baada ya dereva kusema basi, anabadilisha hesabu ya kilima bila kujua. Tani mbili zilizoongezwa Kayanga zitaonekana kwenye breki za magurudumu katika mteremko wa Kyaka.

Tatu, wengi wetu husafiri kwa magari hayo hayo wakati wa likizo. Abiria hawezi kushika usukani, lakini ana masikio. Lori likifika kileleni ukasikia injini ikipanda sauti na kunguruma kwa uzito wakati wa kushuka, usidhani dereva ni mwoga au gari ni bovu. Ametia gia ndogo, na injini inakushikilia. Lakini ukisikia ukimya, na upepo ukizidi masikioni, jua kwamba lori limeachiwa. Hapo ni haki yako kumwambia kwa adabu, tena mapema, mteremko ungali mwanzo: "Mzee, tunaomba utie gia." Kwa hesabu tuliyoiona, zipo sekunde kumi tu za kusema neno hilo.